Naomba ushauri: tairi na sensa za presha za Nissan X-Trail T32

Wakuu, gari limetoka Uingereza, liko Kisumu, tairi ni 225/65 R17 102H. Zilizopo zimeandikwa 2817 ubavuni, yaani wiki ya 28, mwaka 2017. Meno yamebaki milimita 4 lakini nyufa zimejaa katikati yake, kwa hiyo zinatoka, hapo sina mjadala. Je, niweke H/T (za lami) au A/T (za njia zote)? Siku nyingi ni lami ya Kakamega, mara mbili kwa mwezi murram ya Nandi Hills. A/T inavumilia mawe ila ina kelele na hula mafuta.

Kinachoniumiza kichwa hasa ni sensa. Ukiwasha gari, taa ya presha ya tairi kwenye dashibodi inametameta kama dakika moja kisha inabaki imewaka: sensa imekufa, si upepo kupungua. Betri ya sensa imezibwa ndani, haibadilishwi. Nibadilishe moja au zote nne maadamu tairi zinafunguliwa? Lazima ziwe za masafa ya redio ya 433 MHz. Za 315 gari halizisikii.

Pia natafuta fundi, Kisumu au Nakuru, mwenye mashine ya kuzisajili na anayejua kutobana tairi upande wa valvu, sensa inapokaa. Na asiniwekee kiini cha valvu cha shaba, kinagandana na shina la valvu la alumini.