C#: kolbaki ya C++ inaangusha programu baada ya muda

Swali
Wakuu, nina maktaba ya C++ inayosoma mizani. Inapokea kolbaki (kazi yangu ambayo maktaba itaiita uzito ukibadilika) hivi:
`void sajili(void (*f)(int gramu, void* data), void* data);`
Kwenye C# nimeandika `sajili(UzitoUmebadilika, IntPtr.Zero);`. Uzito unafika vizuri, kisha programu inakufa ghafla, na `catch` hainasi kitu. Shida iko wapi?

Jibu 1
Mkuu, hapo kompaila inakuundia delegeti mpya (kitu cha C# kinachobeba rejea ya methodi) ambayo hakuna kitu cha C# kinachoishika. C++ imebaki na anwani tu, na GC (mfagiaji wa kumbukumbu wa .NET) haina habari na C++. Ikishapita kufagia, tukio linalofuata linaita anwani iliyokufa. Ihifadhi kwenye fildi (`KolbakiUzito` ni aina ya delegeti yako):

`private KolbakiUzito _k;`
`_k = UzitoUmebadilika;`
`sajili(_k, IntPtr.Zero);`

Kitu chenye fildi hiyo nacho kibaki hai hadi uondoe usajili. `GC.KeepAlive` haitoshi: inalinda hadi mstari wake tu, na `sajili` inarudi papo hapo. Kuipin delegeti (kuizuia isihamishwe kwenye kumbukumbu) hakuhitajiki. Kidaraja (kipande cha kodi ambacho .NET inaiundia delegeti) kinachoitwa na C++ hakihami hata GC ikiihamisha delegeti yenyewe. Kuhakikisha, weka `GC.Collect()` mara baada ya kusajili kwa njia yako ya sasa. Ikianguka kwenye tukio la kwanza, mchawi ndiye huyo.

Jibu 2
Naongezea. Kama ni Windows ya biti 32, C# inachukulia kolbaki ni StdCall, ilhali C++ hapo ni Cdecl (kanuni mbili tofauti za kuita kazi, hasa nani anasafisha steki), kwa hiyo steki inavurugika. Juu ya delegeti weka `[UnmanagedFunctionPointer(CallingConvention.Cdecl)]`. Kwenye x64 tofauti hii haipo, ndiyo maana wengi hawaijui mpaka wakutane na mashine ya zamani ya dukani.

Jibu 3
Mawili yatakayokuuma ukishamaliza hayo. Hitilafu ya C# isivuke kuingia C++: funga mwili mzima wa kolbaki kwa `try/catch`. Pia tukio linakuja kwenye uzi (thread) wa C++, kwa hiyo fomu iguse kwa `BeginInvoke`, si `Invoke`. `Invoke` inasubiri uzi wa fomu. Kama wakati huo fomu inafungwa na imeita `ondoa()` (kazi ya maktaba ya kuondoa usajili), nayo `ondoa()` inasubiri kolbaki imalize, zote zinagandana.

Muuliza swali
Je, naweza kukwepa delegeti kabisa?

Jibu 3
Ndiyo, kuanzia .NET 5: methodi tuli yenye `[UnmanagedCallersOnly]`. Kwa kuwa haina `this`, pitisha `GCHandle` (kishikio kinachozuia GC isifagie kitu chako) kwenye `data`, na uite `Free()` baada ya `ondoa()` kurudi, si kabla.