MREJESHO: Ubao wa mawimbi uliopasuka, nimeutengeneza

Wakuu, mwezi wa saba niliwauliza kama ubao wangu wa kuteleza kwenye mawimbi, uliogonga mwamba Dar ukapasuka ncha na kulegea pezi moja, niutengeneze au ninunue mwingine. Nawashukuru sana, hata mlioniambia ninunue.

Aliyesema niukaushe kwanza, ubarikiwe. Niliuegemeza upenuni, ncha chini, wiki tatu. Siku za mwanzo maji ya chumvi yalidondoka tone tone, yakaacha madoa meupe kwenye sakafu. Upepo mkavu wa huku Dodoma ukamalizia.

Fundi bodi wa magari alikuwa na resini ya poliesta, ile gundi ya maji inayogeuka ngumu, anayozibia bampa. Mlinionya nijaribu kwanza kwenye kipande cha povu. Jamani! Ubao wangu ndani ni povu jeupe, lile la kwenye maboksi ya televisheni. Tone moja tu, povu likayeyuka likabaki shimo linalonata. Ningemwaga kwenye ubao ningelia. Nikaagiza epoksi, resini nyingine isiyoyeyusha povu hilo, kutoka Dar, tukabandika faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) tabaka mbili, tukapiga msasa.

Nimeshaingia nao baharini mara tatu. Ncha haivuji kabisa. Pezi ndilo limeshindikana: niliona uvivu kuchimba, nikapaka epoksi juu juu, siku ya tatu likalegea tena. Nitalifukua lote nilipandikize upya. Ubao nao umeongezeka uzito kidogo mbele, ila nimeshauzoea.

Ungekatika katikati ningenunua. Kwa ufa wa ncha, sijutii.