Kubana picha za khanga kwa JPEG: jedwali la kawaida, la mozjpeg au utunge lako?

KhangaMtandaoni: Wakuu habari za jioni. Nauza khanga mtandaoni na picha lazima ziwe nyepesi maana wateja wangu wengi wanaunga bando kwa mawazo. Natumia cjpeg (programu ya kubana picha kuwa JPEG) kwaliti 75, pindo na mji vinatoka safi kabisa ila yale maandishi ya jina, hasa mekundu juu ya nyeusi, yanachuja kama yameloa maji. Naona watu wanabadilisha wenyewe majedwali ya kwantaizesheni, yaani zile namba zinazoamua maelezo gani ya picha yatupwe. Nibaki na la kawaida, nihamie mozjpeg (toleo la Mozilla la programu hiyo), au nitunge langu?

fundi_pikseli: Dada/kaka sijui, ila kabla hujagusa jedwali angalia sampuli za rangi kwanza!! cjpeg kwa kawaida inapunguza rangi nusu kwa upana na nusu kwa urefu, yaani pikseli nne zinagawana rangi moja, na wekundu juu ya weusi tofauti yake kubwa iko kwenye rangi kuliko kwenye mwanga, ndo maana herufi zinavuja. Weka `-sample 1x1` halafu tuone.

Jedwali linakuja baada ya hapo. Picha inakatwa vipande vya 8x8, kila kipande kinatoa namba 64, kila namba inagawanywa kwa namba ya jedwali halafu inazungushwa. Jedwali la rangi la kwenye waraka rasmi wa JPEG wa 1992 limejaa 99 kwenye maelezo madogo madogo. Ukiwa kwaliti 75 hiyo 99 inakuwa 50, kwa hiyo kama kuna namba 20 pale, 20 kwa 50 ni 0.4, inakuwa sifuri, imekwenda. Ukiipa rangi kwaliti 85 ile 99 inakuwa 30 na ile 20 inapona, japo inarudi kama 30 lakini ipo.

Kwa hiyo mimi ningesema `-quality 75,85 -sample 1x1`, namba ya kwanza ni mwanga ya pili ni rangi.

Njiwa254: Mie naenda na mozjpeg tu, jedwali lake la kawaida ni namba 3, la Nicolas Robidoux, na juu ya hapo ina trellis inayochagua yenyewe namba gani itupwe. Faili inapungua bila kuumiza kichwa. Lakini usilinganishe 75 ya huku na 75 ya kule jamani, majedwali ni tofauti, linganisha saizi ya faili na macho yako.

MzeeWaTerminal: Kutunga lako inafaa kama una picha za aina moja nyingi. Mimi nina skani za hati, nimeweka namba karibu sawa jedwali zima kwa sababu kingo za herufi ndo kila kitu, kwa picha za sura za watu ni upotevu wa saizi tu. Unaandika faili ya maandishi, namba 64 kwa mpangilio wa kawaida wa safu, SIO zigizagi, unaipa `-qtables`. Na usipoweka `-quality` inazitumia kama zilivyo, ukiweka inazipandisha au kuzishusha, hapo wengi wanachanganyikiwa. Ile namba ya kwanza kabisa usiikuze hovyo, ndo wastani wa kipande, ukiikuza mji wa khanga wenye rangi moja unaanza kuonyesha viboksi.

KhangaMtandaoni: Ni dada 😂 Nimejaribu `-sample 1x1` peke yake, herufi zimerudi! ila faili imenenepa.

fundi_pikseli: Lazima inenepe dada yangu, rangi sasa ziko kamili. Shusha mwanga hadi 68 hivi, rangi acha 85, khanga ina michoro mikali hakuna atakayeona. Na anza na picha halisi ya kamera kila mara, usibane iliyokwisha banwa.

Njiwa254: +1, na hizo namba zifanye kwenye mozjpeg pia, inazikubali vilevile.