Pampu ipi kwa tangi la mbuna, lita 240?

Mkazi wa Tabata: Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la kioo, sentimita 120 kwa 45 kwa 45. Ndani kuna mbuna, wale samaki wa kwenye mawe wa Ziwa Nyasa, na mawe yamepanda karibu hadi juu. Natumia sponji ya kuchuja maji na pampu ya hewa. Uchafu unarundikana nyuma ya mawe, na mchana wa joto samaki wanapanda juu kuhema. Dukani kuna pampu mbili za kuzamisha: ya lita 1,200 kwa saa, wati 15, na ya lita 3,000, wati 40. Nichukue ipi?

Fundi Vioo: Kaka, chukua mbili za wati 15. Jumla wati 30, uniti 21.6 kwa mwezi zikiwaka muda wote. Ile kubwa peke yake inakula 28.8. Na moja ikikwama, nyingine inaendelea.

Moja iweke chini nyuma ya mawe, isukume uchafu kuelekea kwenye sponji. Ya pili iwe upande wa pili, mdomo chini kidogo ya uso wa maji, mpaka uone uso unatikisika tangi zima. Hapo ndipo oksijeni inapoingia, na maji ya moto huishika kidogo kuliko ya baridi. Ndiyo maana wanahema saa nane mchana, asubuhi wametulia.

Lita za kwenye boksi ni za pampu isiyopandisha maji. Ukitaka maji yapande kwenye bomba, pima: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 60, ni 1,200 kweli, kwa sekunde 80, ni 900 tu.

Kwenye tundu la kuvuta funga sponji, vifaranga wasimezwe. Na mawe yakalie sakafu ya tangi, si mchanga. Mbuna wanachimba, jiwe likianguka kioo kinapasuka.

Mama Samaki, Mwanza: Kaka, hiyo pampu ya hewa usiitupe. Umeme ukikatika pampu za maji zote zinazima, kwa hiyo tafuta ya hewa yenye betri. Iweke juu kuliko usawa wa maji, la sivyo maji yanarudi kwenye mpira hadi ndani ya pampu. Na umeme usipokuwepo usiwalishe.

Mkazi wa Tabata: Asanteni sana. Fundi, vifaranga hawatachoshwa na mkondo?

Fundi Vioo: Hapana kaka, wana mawe ya kujificha. Usielekeze tu pampu zote mbili pango moja.