Je, dodoso moja linatosha kuthibitisha kwamba uongozi huinua utendaji wa wafanyakazi?

Mtoa hoja: Ndugu zangu, tafiti nyingi za uongozi hufuata njia moja: mfanyakazi anapewa dodoso, anampima msimamizi wake kwa alama 1 hadi 5, kisha kwenye karatasi hiyohiyo anaupima utendaji wake mwenyewe, na mtafiti akiona regresheni (hesabu ya jinsi alama moja inavyokwenda pamoja na nyingine) imetoa thamani ya p iliyo chini ya 0.05, kiwango kinachozoeleka cha kusema matokeo si ya bahati tu, anaandika kwamba mtindo wa uongozi umeathiri utendaji. Nasema hitimisho hilo halina msingi, na ni dhuluma kulitumia kumpandisha au kumshusha cheo mtu yeyote.

Mwaka 1975 mtafiti Barry Staw aliyapa makundi kazi ya kukadiria mauzo na faida ya kampuni, halafu akayaambia baadhi kwamba yamefanya vizuri na mengine kwamba yamefanya vibaya, bila kujali yalivyofanya kweli. Walioambiwa wamefaulu walieleza kwamba kundi lao lilikuwa na mshikamano na mawasiliano bora kuliko walivyoeleza wale walioambiwa wameshindwa. Vivyo hivyo, anayejiona anafaulu kazini anaweza kumpa msimamizi wake alama 5 kwa sababu hiyo tu, na regresheni haitamwambia mtafiti kipi kilitangulia.

Mchangiaji: Ndugu mtoa hoja, tukiliacha dodoso tutabaki na nini? Kazi ya muuguzi au mwalimu haina daftari la mauzo. Isitoshe, maswali haya hukaguliwa kwa alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyoafikiana; na ukidai jaribio, shirika haliwezi kuwagawa viongozi vituoni kwa kura ya bahati nasibu ili kumridhisha mtakwimu.

Mtoa hoja: Alfa inaonyesha tu kwamba maswali yanaafikiana; maswali kumi yanaweza kuafikiana vizuri sana huku yote yakipima jinsi mtu anavyompenda bosi wake. Dodoso silikatai. Ninachodai ni kwamba anayempima kiongozi asiwe ndiye chanzo cha alama za utendaji, na alama hizo zichukuliwe miezi kadhaa baadaye.

Lipo kosa jingine ambalo kwangu ni zito zaidi. Chukua wafanyakazi 200 walio chini ya wasimamizi 8, yaani 25 kwa kila mmoja. Ikiwa asilimia 10 tu ya tofauti za majibu yao inatokana na msimamizi waliye naye, majibu ya walio chini ya msimamizi mmoja yanafanana, hivyo sampuli hiyo inabidi igawanywe kwa 3.4 (yaani 1 + 24 × 0.1), na inabaki na uzito wa watu wapatao 59 wanaojitegemea. Kuhusu uongozi wenyewe, waliochunguzwa ni 8. Modeli za ngazi nyingi, yaani hesabu zinazotenganisha ngazi ya mfanyakazi na ya msimamizi, zinalizingatia hilo, lakini haziwezi kuongeza viongozi ambao mtafiti hakuwafikia.

Kuhusu kura, hakuna anayelazimika kuhamishwa kituo. Mashirika hupeleka wasimamizi mafunzoni kwa awamu; kura iamue nani atangulie, na wanaosubiri zamu yao wawe kundi la kulinganishia.