Dawa ya kuachia sumu polepole kwenye matango yanayochumwa: nipige au niache?

Mchuma Matango: Habari zenu wakuu. Matango yangu yana inzi weupe, na nachuma kila baada ya siku 3. Nimechoka kupiga dawa kila wiki, nikimaliza kifua kinabana. Nimenunua kopo lenye herufi CS. Muuzaji anasema sumu imefungwa kwenye vifuko vidogo mno, inatoka kidogo kidogo, napiga mara moja basi. Nahofia walaji, na nyuki wamejaa kwenye maua. Naombeni ushauri kabla sijalifungua.

Bomba Mgongoni: Mkuu, vifuko ni kweli, na vinapunguza sumu inayogusa ngozi yako wakati wa kupima na kuchanganya. Lakini CS haimaanishi "mara moja basi". Kuna vifuko vyenye ukuta mnene, na kuna vinavyopasuka mara tone linapokauka juu ya jani. Soma lebo: matango yametajwa? Siku za kusubiri kabla ya kuvuna ni ngapi? Zikizidi 3, dawa hiyo haikufai sasa.

Na hicho kifua usikipuuze. Acha kupiga, nenda hospitali na lebo za dawa ulizotumia.

Mama Mizinga: Usipige maua yakiwepo, nakusihi. Marekani miaka ya 1970 walifunga parathioni ya methili, sumu kali ya wadudu, kwenye vifuko vinavyokaribiana ukubwa na chavua. Nyuki wakavibeba mpaka mzingani, wakavihifadhi pamoja na chakula cha watoto wao. Sumu inayomuua nyuki shambani inaishia kwake. Ile ilifika nyumbani.

Mwanakemia: Naongeza la usugu. Mwishoni sumu inayotoka huwa ndogo: wadudu dhaifu wanakufa, wenye uwezo wa kuistahimili wanabaki na kuzaana. Kisha kuta nyingi ni plastiki, zinabaki udongoni. Watafiti wanajaribu kuta za alijinati ya mwani, kitosani ya maganda ya kamba na kaa, na lignini ya miti, ambazo vijidudu vya udongo huweza kuzimeng'enya.

Mchuma Matango: Nimesoma lebo. Siku 14, na matango hayamo kabisa. Nalirudisha dukani leo. Inzi nifanyeje?

Bomba Mgongoni: Tundika mitego ya njano yenye gundi, ng'oa magugu wanamojificha, na majani ya chini yenye watoto wa inzi hao yatoe nje ya shamba. Ukilazimika kupiga, sabuni ya kuulia wadudu, jioni nyuki wakishalala, uilenge chini ya majani. Ila apige mtu mwingine mpaka daktari akuruhusu.