Naomba ushauri: mama anataka maziwa ya kwanza yamwagwe

Ndugu na dada, naomba ushauri. Bibi yangu yuko karibu kujifungua, tunakaa Majengo hapa Goma. Mama yangu ameshuka toka Masisi kutusaidia, na amekwisha kusema: yale maziwa ya kwanza ya njano ni machafu, yakamuliwe chini, mtoto apewe maji ya sukari mpaka maziwa meupe yashuke.

Maji yenyewe ni ya ziwa! Tunayachota kwa bidoni, siku nyingine mtu wa kutia klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji, hayupo. Na kipindupindu hapa si mgeni.

Muuguzi wa kliniki alitueleza vizuri. Kingamwili za damu, yaani protini za kupigana na vijidudu, mtoto huzipata kupitia kondo, hasa miezi ya mwisho ya mimba. Za kulinda utumbo, ziitwazo IgA, huja na maziwa, na zimejaa zaidi katika hayo ya njano. Chembe za kinga zilizokutana na vijidudu utumboni mwa mama huhamia kwenye matiti, kwa hiyo maziwa yake hubeba kinga ya magonjwa ya hapa hapa kwetu. Hilo lilinishangaza. Mtoto anyonye ndani ya saa 1, kisha maziwa ya mama tu hadi miezi 6.

Lakini mama hajali IgA. Ukimjibu ananuna, anaosha sahani kwa kelele. Nimwambie nini bila kumvunjia heshima? Au nimtume shangazi?

Na wenye kujua: bibi alikunywa chanjo ya kipindupindu, ambayo watoto hupewa kuanzia mwaka 1. Je, kinga yake itamfikia mtoto kupitia maziwa?